Akiba Haiozi, Lakini Maili Huoza



Wiki iliyopita alikuja bi harusi wangu mmoja kujaribu gauni lake kwa mara ya mwisho. Harusi yake ni Shaabani, in shaa Allah. Nimepiga magoti namtilia pini kwenye upindo, akaniambia: "Dada, mchumba wangu ana maili za ndege, anasafiri sana kikazi. Anataka tukishaoana tuzitumie twende umra, iwe ndiyo fungate yetu. Ana kadi tatu za mashirika matatu. Wewe unayesafiri kila siku, niambie, ipi nzuri?"

Nikamwambia asimame wima kwanza nisije nikamchoma. Jibu nililompa pale lilikuwa fupi, maana nyuma yake walikuwa wanasubiri wateja wawili, na kusema kweli jengine sikuweza kulisema mbele za watu. Leo watoto wamelala, cherehani zimefunikwa, nimeona niliandike lote. Huenda kuna mwengine ana kadi kwenye pochi na anadhani ana akiba.

Mimi nimesoma mpaka kidato cha nne. Matokeo yalipotoka sikupata nafasi ya kuendelea. Mama yangu alikuwa anauza vitumbua asubuhi na urojo jioni, na kila siku kabla ya kulala alikuwa anatia pesa kwenye kopo la maziwa ya unga lililokuwa juu ya kabati. Zile zilikuwa pesa zake za umra. Sisi watoto tulikuwa tukimuuliza kopo litajaa lini, yeye anajibu, "Akiba haiozi."

Siku tatu baada ya matokeo aliliteremsha lile kopo akalimwaga juu ya mkeka. Akanilipia chuo cha cherehani, na zilizobaki akaninunulia cherehani ya mkono iliyotumika. Nililia. Akaniambia, "Makka haihami, mwanangu. Nenda kajifunze ufundi."

Basi kila mshono ninaoshona mpaka leo, nyuma yake kuna umra ya mama.

Nilianza kushona nyumbani, mashungi na madira ya jirani. Baadaye nikapata kiduka, nikaanza magauni ya harusi, na mwaka 2015 nikasafiri Dubai kwa mara ya kwanza pamoja na wanawake wenzangu wa biashara. Tulikwenda Meena Bazaar kununua lesi na shanga. Katika kukata tiketi, kijana wa wakala akaniuliza kama nina kadi ya maili. Sikuwa nayo. Akanijazia fomu, akanieleza kwamba kila nikipanda ndege yao nitaandikiwa maili, na zikiwa nyingi nitapata tiketi ya bure.

Dada zangu, nilisikia neno moja tu pale: bure. Nikasema moyoni, hii ndiyo umra ya mama.

Toka siku ile nikawa nakusanya. Dubai mara mbili kwa mwaka. Guangzhou kwenye soko la vitambaa la Zhongda. Istanbul, mtaa wa Laleli, kwa ajili ya mitandio na vitambaa vizito vya majira ya baridi ambavyo kwa gauni la harusi vinakaa vizuri sana. Kila safari nilipanda ndege ya bei rahisi siku hiyo, na kila shirika nikajiunga nalo. Nikawa na kadi nne. Sikuzigusa. Hata nilipoambiwa naweza kuzitumia kulipia mzigo uliozidi, nilikataa. Nilikuwa naweka akiba, na akiba haiozi.

Mwezi wa Mei 2019 nikaona sasa zinatosha. Nilikuwa nakumbuka kwenye kadi moja nina maili elfu arobaini na kitu. Nikamwambia mama ajitayarishe, aombe pasipoti. Alikwenda mwenyewe kupiga picha, amevaa shungi jipya. Jioni ile nikafungua akaunti. Zilikuwepo 6,000.

Nilidhani nimeibiwa. Nikapiga simu, nikazungushwa, mwishowe dada mmoja akanieleza kwa upole kwamba maili zao zina muda wake. Zile za mwanzo zilishakufa mwaka uliopita, na za pili zilikufa mwezi ule uliotangulia. Barua pepe walituma. Ilikuwa barua pepe ambayo kijana wa wakala alinifungulia mwaka 2015, na sikuwahi kuifungua tena. Shirika silitaji jina. Masharti waliyaandika, mimi sikuyasoma, na sitaki kumsengenya mtu kwa kosa ambalo nusu yake ni langu.

Mama hakusema kitu. Aliitia pasipoti kwenye mfuko wa plastiki akaiweka juu ya kabati, pale pale lilipokuwa kopo.

Nikajiambia nitaanza tena, mwakani atakwenda. Mwakani ndiyo ukaja 2020. Februari 27 Saudi Arabia ikasimamisha umra kwa wageni kwa sababu ya korona. Milango ilipofunguliwa vizuri tena, mimi biashara ilikuwa imelala, na mama magoti yalikuwa yameanza kumsumbua.

Basi nikaamua kuzisoma hizi kadi kama ninavyosoma kitambaa kabla ya kukikata. Niliyoyajua ndiyo haya. Ukitaka kulinganisha mashirika, usiulize nani anakupa maili nyingi. Uliza nani anakuachia kuzitoa.

*La kwanza: zinaishi muda gani?*

Hapa hawafanani. Skywards ya Emirates, ambayo flydubai nao wanaitumia toka 2018, maili zake zinaishi miaka mitatu, na zinakufa mwisho wa mwezi uliozaliwa. Kwa hivyo mwezi wako wa kuzaliwa uwe ndio mwezi wa kufungua akaunti. Miles&Smiles ya Turkish Airlines nayo ni miaka mitatu, ila unaweza kulipa pesa wakakuongezea muda. ShebaMiles ya Ethiopian ni miaka mitatu pia. Qatar Airways, ambao toka 2022 wanatumia Avios, wao wanahesabu miezi 36 toka mara ya mwisho ulipoingiza au ulipotumia. Ukiingiza hata kidogo, hesabu inaanza upya kwa zote.

Kwa hivyo kama wewe ni mtu wa safari moja kila baada ya miaka miwili, hii ya namna ya Qatar haikupotelei kwa urahisi. Kama unasafiri kila msimu kama mimi, hata ya miaka mitatu inakutosha, bora usizilalie.

*La pili: unaweza kuziweka kapu moja?*

Hili ndilo lililoniuma nilipolijua. Ethiopian na Turkish wote wamo katika umoja wa Star Alliance. Maana yake safari zangu za Guangzhou kwa kupitia Addis Ababa na safari zangu za Istanbul zote ningeweza kuziandikisha kwenye kadi moja. Mimi nilikuwa na mbili, kila moja nusu, na nusu mbili za kadi mbalimbali hazijumlishwi. Emirates na flydubai ni kapu moja. Avios za Qatar zinaweza kuhamia British Airways na kurudi. Kenya Airways wamo SkyTeam. Lakini kutoka umoja mmoja kwenda mwengine, kwa kawaida hakuna njia. Kwa hivyo kabla ya kukata tiketi taja nambari ya kadi yako ile moja, na uliza tiketi hiyo inaandika maili ngapi, maana tiketi za bei ya chini kabisa mara nyingi huandika kidogo sana, na nyengine hazipati kitu.

*La tatu: viti vipo?*

Kuwa na maili si kuwa na kiti. Shirika linatoa kwa maili vile viti ambavyo halitarajii kuviuza kwa pesa. Sasa fikiria kisiwa chetu. Julai na Agosti wageni wanajaa. Disemba hivyo hivyo. Kwa upande wa Jeddah, Ramadhani kila mtu anataka kwenda, na likizo za skuli pia. Nyakati hizo kiti cha maili ni kama kutafuta fundi wa kushona gauni usiku wa kuamkia harusi. Mashirika mengi pia yana bei mbili za maili: ya chini yenye viti vichache, na ya juu ambayo inaweza kukupa kiti lakini ikamaliza kadi yote. Ukiona mtu anasema shirika fulani linatoa tiketi kwa maili kidogo, muulize alisafiri mwezi gani.

Na kama mnakwenda wawili, tafuteni viti viwili tokea mwanzo. Kiti kimoja kupatikana ni jambo moja, na viwili ndege moja ni jambo jengine kabisa.

*La nne: pesa ngapi unatoa mkononi?*

Tiketi ya bure si bure. Kodi na ada za viwanja unalipa, na baadhi ya mashirika yanaongeza ada zao wenyewe juu yake. Niliwahi kufika mpaka ukurasa wa mwisho nikaona ninachotakiwa kulipa kinakaribia nusu ya tiketi ya kawaida. Nikafunga. Angalia jumla kabla ya kufurahi, kisha linganisha na bei ya pesa ya siku hiyo hiyo. Pengine tiketi ya pesa ni rahisi na maili zako bora uziweke kwa safari nyengine.

*La tano: unaweza kumkatia mwengine?*

Mimi nilikuwa nakusanya kwa ajili ya mama, wala sikuwahi kuuliza kama inaruhusiwa. Mashirika mengi yanaruhusu kumkatia mtu wako, lakini kila moja na masharti yake. Emirates na Qatar wana akaunti ya familia, ambapo maili za watu wa nyumba moja zinakusanyika pamoja. Kwa mume na mke wanaosafiri wote hilo ni jambo zuri sana. Jina liandikwe kama lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi.

Kuna jambo la sita, na hili si la kulinganisha kwa sababu karibu wote wako sawa. Mashirika mengi yanaandika kwenye masharti kwamba maili si mali ya mwanachama. Wanaweza kubadilisha idadi inayotakiwa kwa tiketi, na leo ukawa nazo za kutosha, kesho zisitoshe. Nilipolisoma hilo nikakumbuka bangili za mama, alizopewa mahari yake. Zimekaa miaka zaidi ya arobaini na thamani yake imepanda. Bangili ni mali. Upatu wetu wa wanawake ni ahadi, lakini kila mmoja anajua mwezi wake na kijumbe tunamjua nyumba yake. Maili ni ahadi ya mtu usiyemjua, na mwezi wako hakwambii mtu. Mimi niliziweka kama bangili. Zilitakiwa kutumiwa kama samaki, siku ile ile wangali wabichi.

Niliporudi safarini baada ya korona nikabaki na kadi mbili tu, moja ya Dubai na moja ya Guangzhou na Istanbul. Tarehe za kufa kwa maili nimeziandika ukutani, kwenye kalenda ya kiwandani, chini ya tarehe za harusi. Mama alikuwa anatamani umra ya Ramadhani kwa fadhila zake. Miaka miwili nilitafuta viti vya Ramadhani, sikupata. Mara ya tatu nikamwambia ukweli: "Mama, ukisubiri Ramadhani, nitakuwa nakusubirisha tena." Akasema, "Mwezi wowote ni wa Mwenyezi Mungu. Nipeleke."

Tulitafuta Mfunguo Nane, ambao mwaka 2024 uliangukia Novemba. Mama hakuweza kwenda peke yake, kwa magoti yake na kwa umri wake, na tulitaka aende na mahram wake, kwa hivyo ilikuwa viti viwili, chake na cha mdogo wangu wa kiume. Nikakaa na simu usiku baada ya usiku. Vya kwenda vilipatikana viwili. Vya kurudi kilipatikana kimoja leo na kimoja keshokutwa. Nikamkatia mama kwa maili, na cha mdogo wangu nikakilipia pesa ili warudi ndege moja. Wakala wa umra nilimuomba bei bila ya tiketi: viza, hoteli na usafiri wa huko tu. Kama mna maili, ombeni hivyo mapema, kwa sababu wengi wanakupa bei ya jumla na tiketi imo ndani.

Mmeshafahamu, dada zangu, kwamba mimi sikwenda. Maili zilitosha wao tu. Nilibaki na magauni manne ya kumaliza.

Siku yao ya pili Makka simu ikaita, ya video. Mdogo wangu alikuwa ameishika. Nikamuona mama amekaa kwenye kiti cha magurudumu, ghorofa ya juu, na nyuma yake, chini kabisa, naiona Kaaba. Ametufu kwa kusukumwa. Alikuwa anacheka na anafuta macho kwa ncha ya shungi. Akaniambia, "Nimekuombea cherehani zako."

Nilimshukuru Mola wangu, na namshukuru mpaka leo. Lakini nitawaambia jambo ambalo sikumwambia bi harusi siku ile. Mwaka 2019 mama yangu alikuwa anapanda ngazi za nyumba yetu na ndoo ya maji mkononi. Angetufu kwa miguu yake, angesai kwa miguu yake. Kile kiti cha magurudumu nakijua kimetoka wapi. Qadar ya Allah hairudishwi, na mama hajawahi kunilaumu hata kwa jicho. Ila mimi nimejifunza kwamba kuna hazina ukiichelewesha, siku unayoitoa si ile uliyoitia.

Kwa hivyo bi harusi wangu nilimjibu hivi: nzuri ni ile ambayo usiku wa leo mkifungua mtaona viti viwili, ndege moja, kwa tarehe ambazo nyinyi mnaweza kusogea. Asiniambie ipi ina nyingi. Wakae yeye na mchumba wake, pamoja na wazee, wafungue kadi zote tatu, waandike kwenye karatasi: zipo ngapi, zinakufa lini, zinafika Jeddah kwa ngapi, na pesa gani juu yake. Kama zile maili amezipata kwa safari za kazini, amuulize mwajiri wake kwanza kama ni zake, ili safari ya ibada isianze na haki ya mtu. Na kama viti havipo Mfunguo Mosi baada ya Ramadhani, wasilazimishe. Waende miezi ambayo watu hawaendi.

Juzi usiku alinitumia ujumbe: "Dada, kumbe ile kadi yenye nyingi ndiyo inayokufa mwezi wake wa kuzaliwa, mwezi wa tatu. Tumeanza kutafuta." Nikamwambia waharakishe, kwa sababu kwa mashirika mengi kinachotakiwa ni tiketi ikatwe kabla ya siku ile, hata kama safari yenyewe ni mbele.

Nawe uliyesoma mpaka hapa, kabla hujalala tafuta ile kadi. Fungua ile barua pepe ya zamani. Kama zimo, jiulize ni za nani. Kama ni za mama yako, au za baba, usiseme mwakani.

Mama hajambo, Alhamdulillah. Anawasalimu. Pasipoti yake bado iko juu ya kabati, lakini sasa ina muhuri ndani. Mwenyezi Mungu awape maharusi wetu kheri na mapenzi, na awajaalie wazazi wetu afya ya kufika pale panapotamaniwa na kila Muislamu. Aamin.

Wassalaamu alaykum.